Mara Tatu kwa Chuma, Mara Moja kwa Makaa

Poiana Vlădicii, 7 Novemba 2010

Binti yangu Smaranda,

Salamu kutoka kwenye ukungu. Dawa za presha nimezipata, na kahawa pia, ingawa yule mama wa posta ameifungua akainusa. Najua, maana alinikabidhi na uso wa mtu aliyekwisha kunywa. Magoti yananiuma. Viazi nimevuna magunia tisa, la kumi kala dubu. Usicheke, dubu wa huku hana adabu.

Nina swali dogo, na usiniulize kwa nini. Ile ndege yetu, Bibi Harusi, ilitua saa ngapi hapo Timișoara Alhamisi tarehe nne? Na Jumamosi tarehe sita? Nataka saa na dakika, si "asubuhi-asubuhi" ya mabosi wako.

Nasikia bado mnaisimamisha kwa breki za makaa. Makaa, mwanangu! Miaka thelathini na moja nimefunga breki za chuma katika karakana hiyo unayofagia wewe sasa. Chuma kikishika kinapiga kelele, kila mtu anajua kimeshika. Hiyo kaboni yenu inashika kimyakimya kama mwizi. Makaa ni ya kuchomea nyama.

Ile sahani ya breki niliyoitoa kwenye gurudumu la pili, siku tuliyomvua Bibi Harusi chuma tukamvika makaa, bado inaning'inia uani mwa kanisa. Padri Ghenadie anaigonga kwa nyundo kuita watu kwenye sala, na sauti inafika hadi kwenye kinu. Hiyo ndiyo breki. Hata ikistaafu ina kazi.

Saa na dakika, usisahau.

Baba yako wa ubatizo,
Teofil Bârsan


Timișoara, 15 Novemba 2010

Baba Teofil,

Shikamoo, wewe na dubu wako. Alhamisi ilitua saa nne na dakika arobaini na mbili asubuhi. Jumamosi, saa kumi na dakika tano jioni. Umeanza kucheza bahati nasibu kwa namba za ndege, au uzee ndio unabisha hodi?

Sifagii karakana. Tangu Septemba mimi ndiye fundi mkuu wa breki, kiti chako nimekikalia na kimenipasua sketi. Injinia Oltean ameniagiza niandike taarifa ya mwaka mmoja, kaboni dhidi ya chuma, ipi ina faida. Nikaona rahisi. Kaboni ni nyepesi, inaipunguzia ndege karibu kilo mia tatu. Inastahimili moto ambao ungekilegeza chuma chako. Inaishi mara mbili ya chuma. Ila ina tabia zake. Chuma huliwa na nguvu ya kusimamisha, kwa hiyo ukikigusa mara tatu kidogokidogo hakilalamiki. Kaboni huliwa na idadi ya kukanyaga: ukanyage kidogo, ukanyage sana, kila mguso inakatwa kipande chake. Ndiyo maana marubani wote wameambiwa wakanyage mara moja, kwa nguvu, washikilie.

Sasa sikiliza. Kwenye Bibi Harusi, magurudumu matatu yako sawa kabisa na kitabu. Gurudumu la pili, la kushoto ndani, pini ya kupimia ulikaji imebaki fupi kama njiti ya kiberiti. Limeliwa mara tatu ya wenzake. Nimebadilisha mtungi wa mafuta ya breki, nimebadilisha mabomba, nimebadilisha na gurudumu lenyewe. Bado.

Unajua Injinia alisema nini mbele ya karakana nzima? "Kuna rubani anapiga Vornicu." Watu wakacheka, halafu wakanikumbuka wakainamia kazi zao. Kupiga Vornicu, Baba. Hilo ndilo neno lao siku hizi kwa rubani anayegusagusa breki kwa woga. Jina la baba yangu. Mwaka haujatimia tangu ndege hiyohiyo ilipomshinda pale mwisho wa njia ya kutua, ikaingia kwenye matope, abiria wote wakashuka salama na yeye moyo ukasimama kitini. Ripoti ikasema alielekezwa akakaidi. Ubao wa waliofia kazini, pale mlangoni mwa karakana, una majina kumi na moja. Lake halipo. Mama hapiti tena sokoni Iosefin, anasema wauza jibini wanamtazama.

Mimi nataka kitu kimoja tu duniani, jina lile liwe kwenye ubao. Basi nisaidie na hili gurudumu, wewe ndiye uliyemjua Bibi Harusi kuliko mtu yeyote.

Smaranda


Poiana Vlădicii, 24 Novemba 2010

Binti yangu,

Gurudumu sijui. Sijui chochote kuhusu makaa.

Nitakwambia kwa nini niliuliza saa, kisha uniite mwendawazimu, sawa. Ile sahani ya kanisani inalia yenyewe. Mara ya kwanza Padri alidhani ni watoto, akawatwanga maneno, kumbe walikuwa darasani. Mara ya pili nilikuwepo mimi, natengeneza uzio. Hapakuwa na upepo. Ikalia mara tatu, taratibu. Ngaa, ngaa, ngaa. Nikatazama saa yangu, na ilipolia tena nikaitazama tena. Alhamisi tarehe nne, saa nne na dakika arobaini na mbili. Jumamosi tarehe sita, saa kumi na dakika tano. Barua yako ilipofika nikakaa chini pale pale barazani, kwenye maji.

Jana theluji ya kwanza imeanguka. Imefunika paa, imefunika misalaba, imefunika hata kamba inayoibeba sahani. Yenyewe haikushikwa na theluji hata chembe. Nimeigusa. Ilikuwa vuguvugu kama chungu kilichoepuliwa muda kidogo.

Nchi nzima kati yenu na sisi, mwanangu, milima na mito.

Usimwambie mtu. Na wewe, ile ripoti ya baba yako, waliwahi kukuonyesha viambatisho vyake, au mlipewa ukurasa wa mwisho tu? Nauliza tu.

Teofil


Timișoara, 4 Desemba 2010

Baba Teofil,

Nilicheka. Nilimsomea Mama kwa sauti yako, ile ya puani, naye akacheka kidogo, na Mama hajacheka tangu Januari. Halafu usingizi ukanikataa.

Jumatatu nikamwendea Kapteni Dascălu, ndiye anayerusha Bibi Harusi siku nyingi. Ni mtu mzima, ana wajukuu, hana masihara. Nikamuuliza: wewe ndiye unayegusagusa? Akafunga mlango. "Smaranda, mwanangu," akasema, "nikitua, kabla sijakanyaga, pedali zinashuka chini ya soli zangu. Mara tatu, kidogokidogo. Ndipo nakanyaga mimi. Nimefikiri ni mafuta, nimefikiri ni umri wangu. Sijamwambia mtu, nisije nikanyang'anywa leseni."

Nikachomoa kumbukumbu za chombo cha kurekodi. Kwenye mchoro wa kila kutua kuna vilima vitatu vya presha, kwenye gurudumu la pili, halafu ndio mguu wa Dascălu. Miezi tisa nzima. Na vilima vinakua, Baba. Vya Machi ni vidogo kama chunusi. Vya wiki hii ni virefu.

Marubani wengi wa zamani walikuwa wakigusa chuma mara tatu ili kisichemke, najua. Lakini mapigo haya yana nafasi baina yake, moja, mbili, kisha kungoja, kisha tatu. Utotoni nilikuwa nakaa kiti cha nyuma cha gari letu. Baba alikuwa anasimama hivyo hivyo kwenye taa za barabarani. Ninayajua mapigo hayo kama ninavyojua kikohozi chake.

Viambatisho hatukuonyeshwa. Kwa kuwa umeuliza, nimeviomba kwa barua. Na mimi nina swali. Mama anakumbuka asubuhi ile Baba alimpigia kutoka Iași, kabla ya kuruka, akasema, "Ngoja nikate, nataka nimpigie Teofil." Alikupigia? Alisema nini?

Smaranda


Poiana Vlădicii, 12 Desemba 2010

Smaranda,

Alisalimia tu. Aliuliza hali ya hewa. Mazungumzo ya dakika moja.

Hivyo viambatisho achana navyo, vitamuumiza mama yako bure. La kuvunda halina ubani. Usiniletee saa tena, sizihitaji, nazisikia. Wanakijiji wameanza kupitia njia ya nyuma. Padri ameishusha sahani akaifungia ghalani ndani ya gunia la ngano, na inalia humo humo.

Nina mafua. Sitaandika kwa muda.

T.


Timișoara, 28 Desemba 2010

Baba wa ubatizo,

Viambatisho vimefika siku moja kabla ya Krismasi. Nimengoja sikukuu ipite, kwa ajili ya Mama.

Kiambatisho cha sita ni waraka wa breki mpya. Ukurasa mmoja, hata mtoto angeuelewa. Unasema: kanyaga mara moja, kwa nguvu, ushikilie. Unasema pia, kwa wino mzito, kwamba kaboni hunywa unyevu, na ndege ikilala nje kwenye theluji na mvua, kutua kwa kwanza asubuhi sahani hazishiki sekunde za mwanzo. Usiachie, unasema. Ukiachia unaanza upya. Hiyo ndiyo asubuhi ya baba yangu, neno kwa neno. Ndege ililala Iași siku mbili kwenye theluji ya maji. Alitua hapa tarehe 23 Januari, saa mbili na dakika kumi na saba. Akagusa, akaachia. Akagusa, akaachia. Njia ikaisha.

Chini yake kuna orodha ya marubani: nimesoma, nimeelewa. Jina la tano ni Liviu Vornicu, na saini, tarehe 18 Januari, katika karakana ya Timișoara. Hapo ndipo walipomnyonga. Alisoma, alielewa, akakaidi.

Tarehe 18 Januari baba yangu alikuwa Suceava, tukimzika bibi. Nilimshika mkono kaburini. Ushahidi wa kumjua mwongo ulikuwa mezani kwangu muda wote, sikuuona. Nimepanga barua zako kumi na nne karibu na ile saini. Wino wako huo mzito, na ule mkia unaouvuta chini kama ndoano kila ukimaliza jina.

Kikulacho ki nguoni mwako. Ulinibeba kwenye beseni la ubatizo. Ulibeba jeneza lake. Uliketi mezani petu siku ya matanga ukala ngano tamu ya marehemu, ukamfuta Mama machozi kwa leso yako.

Usiniambie kuhusu mafua. Niambie alichokuuliza kwenye simu.

Smaranda Vornicu


Poiana Vlădicii, 6 Januari 2011

Smaranda,

Ni mimi.

Unajua jinsi karakana yetu ilivyokuwa. Waraka ukija, unakuja kwangu, rubani anapita kusaini akipata nafasi, na asipopata namsainia, naye siku nyingine ananisainia zamu. Miaka yote hiyo. Tuliona ndio urafiki, tulimcheka mwenye kukataa. Ule waraka sikuusoma hata mimi. Nilisema, mvulana fulani ofisini anataka kunifundisha breki. Nikausukuma kwenye droo, nikasaini kwa ajili ya Liviu kwa kuwa yuko msibani, nikaenda kunywa kahawa.

Asubuhi ile alinipigia. Akasema, "Teofil, ndege imelala nje siku mbili, na haya makaa yako siyajui. Niyafanyeje?" Nikacheka. Nikamwambia, "Breki ni breki. Mara tatu, kama zamani." Akasema, "Haya, kama zamani." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomsikia. Aliniuliza kwa sababu aliniamini kuliko karatasi.

Wachunguzi walipokuja na orodha, waliniuliza, hii saini ni yake? Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimebakiza wiki sita nistaafu. Nilikuwa mwoga, mwanangu, sina jina jingine la kujipa. Nilimwua mara moja kwa ujuaji wangu na mara ya pili kwa ile ndiyo yangu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Leo ni sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, Padri anapita nyumba kwa nyumba na maji ya baraka. Nilimwomba aitoe sahani kwenye gunia ainyunyizie hapo hapo. Ngano iliyoigusa imekaangika, Smaranda, imekuwa kama bisi. Maji yalipoiangukia yakachemka, yakalia shhh. Padri aliangusha kibuyu akakimbia, mtu mwenye miaka sitini. Nikabaki nayo. Nikaelewa. Liviu anafanya nilichomwambia. Kila anapotua anafanya nilichomwambia, kwa bidii, anazidi kukaza, na hajui kwa nini njia inaisha. Hakuna aliyemwambia vinginevyo.

Nimewaandikia wachunguzi yote, nimeweka saini yangu halisi na ile ya uongo zikae pamoja wazione. Padri mwenyewe ameishusha barua mjini. Nakala hii hapa. Wakija kunichukua watanikuta.

Sikuombi msamaha. Nakuomba kitu kimoja, tarehe ishirini na tatu ndege ile isiruke.

Teofil Bârsan


Poiana Vlădicii, 23 Januari 2011, asubuhi

Smaranda,

Sijui kama uko hai uweze kuisoma hii, maana nakujua: ndege ile ikiruka, utakuwa ndani yake. Hapa hakuna gazeti na redio inakoroma tu.

Sikulala. Tangu alfajiri nimekaa uani mwa kanisa na sahani imetundikwa mbele yangu, theluji ikinyesha. Ilikuwa moto hata sikuweza kuikaribia kwa hatua mbili, ardhi chini yake ilikuwa tope. Saa mbili na dakika kumi na saba ikalia. Nikangoja pigo la pili. Halikuja. Ni mlio mmoja, mnene, haukatiki, niliuhisi mpaka kwenye meno, nikahesabu hadi ishirini na sita. Ukaisha polepole.

Sasa imenyamaza. Nimeishika kwa mikono miwili. Ni baridi kama chuma chochote, na theluji imeanza kuishika.

Sijui mlio mmoja maana yake nini. Niandikie. Yeyote atakayeifungua hii, aniandikie.

Teofil


Timișoara, 23 Januari 2011, jioni

Baba Teofil,

Niko hai, na watu mia moja na arobaini wako hai, wengi wao wakilalamika kwamba masanduku yamechelewa.

Nilimwomba Injinia aizuie ndege isiruke. Akasema ndege haizuiwi na kalenda. Ijumaa barua ya wachunguzi ikamfikia, akaniita, hakuweza kunitazama machoni. Akasema watafungua faili upya. Nikamwambia vizuri, basi nitume Iași, Bibi Harusi atalala huko siku mbili kwenye theluji ya maji, nikague breki na nirudi nayo. Akakubali upesi, alitaka tu nitoke ofisini.

Nilikaa kiti cha nyuma ya marubani. Nilikuwa nimemweleza Dascălu kila kitu. Aliposhusha magurudumu akasema, "Soma sasa, na soma haraka." Nikatoa ule waraka, nikainama hadi karibu na bega la kile kiti cha kushoto alichofia baba yangu, nikausoma kwa sauti. Wote, kuanzia juu. Kanyaga mara moja, kwa nguvu, ushikilie. Hazitashika mwanzoni, usiogope, usiachie. Nikaongeza neno ambalo halimo kwenye waraka. Nikasema, "Baba, Teofil alikosea."

Tukagusa ardhi. Visigino vya Dascălu vilikuwa sakafuni, niliviona kwa macho yangu. Pedali zikashuka zenyewe. Sekunde ya kwanza hakuna kitu, ya pili hakuna kitu, nikaiona njia inatujia na yale matope mwisho wake, na kila kiungo changu kikataka kupiga kelele achia, gusa tena. Hazikuachia. Ya tatu, breki ikashika. Ikashika kimya, kama ulivyosema, kama mwizi, ikashikilia mpaka tukasimama, na njia ikabaki mbele yetu nusu yake.

Dascălu hakuwa amekanyaga hata kidogo. Alikuwa analia, mzee wa watu. Nimesoma chombo jioni hii. Kilima kimoja, kipana, kama meza.

Jina litawekwa kwenye ubao baada ya ripoti mpya, Injinia amesema mbele ya wote. Mama atapika ngano ya kumbukumbu ya mwaka, sufuria kubwa ya ukoo mzima, na jana amekwenda sokoni Iosefin mwenyewe kununua lozi. Amesema nikwambie uje Jumapili ijayo. Ni yeye aliyesema. Mimi sijafika huko, Baba Teofil, na sijui nitafika lini. Nina hasira mpaka mikono inauma. Ila kiti chako kitakuwepo, na ukija nitakufungulia mlango.

Ule waraka nimeuacha kwenye mfuko wa kiti cha kushoto, pamoja na orodha mpya. Jina lake nimeliandika la kwanza. Mahali pa saini nimepaacha wazi, na nimewaambia wote karakanani, mtu asithubutu kumsainia.

Smaranda